Saa Mia Tano za Djibril

Lubumbashi, 4 Machi 2024

Shangazi Sikuzani,

Nakuandikia nikiomba barua hii ikukute umeketi kivulini, si juani na madumu yako ya mawese. Mimi ni mzima. Nimesikia Sumaya amejifungua binti. Mpe hongera zangu, mwambie mjomba wa mtoto ni mtu wa vitabu sasa. Na Mzee Mbaraka mumeo je? Bado anachaji bateri za watu wa Minago na kugombana nao? Msalimu sana. Yeye ndiye aliyenifundisha waya mwekundu na mweusi kabla sijajua kuandika jina langu.

Hali ya huku usiulize. Mwezi wa pili mzima umeme ulikuwa wa kuombea, saa tatu au nne kwa siku, na bado tunatakiwa kumaliza kazi zetu.

Sasa jambo lenyewe. Mfanyabiashara wetu Tarsisi atakuletea vibati vitatu vyeusi. Usivitupe ukadhani ni vyuma chakavu. Ni elektrodi. Nimechukua bati la titani, nikalining'iniza ndani ya maji ya kobalti, nikapitisha umeme kidogo kidogo mpaka ngozi nyembamba ikajijenga juu yake. Kisha nikaliingiza kwenye tanuri, ngozi ikawa nyeusi. Mkiweka kibati kimoja kwenye ndoo ya maji ya chumvi pamoja na kipande cha chuma cha kawaida, na mkaunganisha bateri na paneli ya jua, mapovu yatatoka na maji yatageuka javeli, dawa ya kuua vijidudu. Kijiko kimoja kwenye bidoni ya maji ya ziwa, na kipindupindu hakina nafasi tena. Nimevipima saa mia tano. Havikubadilika.

Najua watu wa Minago. Hawaamini kitu mpaka kishuke kutoka kwenye gari lenye bendera. Waambie wasishike na mikono yao ya samaki.

Nina ombi. Chuo kitatoa tuzo mwezi wa tano. Majaji wanataka barua kutoka kwa watu wanaotumia kifaa. Niandikie nzuri.

Mwanao,
Djibril


Minago, 11 Aprili 2024

Asalaam aleikum, mutoto wa kaka yangu, na amahoro ya Kirundi pia, usije kusema nimekusalimia nusu.

Sisi tuko. Mjukuu iko analia kama king'ora, Sumaya amenenepa. Muzee Mbaraka amepokea salamu zako, akacheka, akasema waya ulikuwa unaogopa, siku ya kwanza ulikimbia mpaka barabarani. Mambo hayo hukuandika, bwana mutu wa vitabu.

Vibati vyako vimefika. Tarsisi alivifunga ndani ya gazeti, pembeni ya samaki wakavu, kwa hiyo usiniambie tena habari ya mikono ya samaki. Muzee amefunga mashine mbele ya karakana yake. Siku ya kwanza watu walikuja kuangalia kama wamekuja kwenye harusi ya bubu. Naomie, yule wa kutoka Fizi anayeuza mihogo, unamukumbuka, mwenye ulimi wa wembe, alisimama mbele akasema: "Ndiyo hii? Sahani ya kuungua?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akasema tena: "Mimi nachemsha maji yangu. Maji ya Djibril yananuka hoteli."

Nikamujibu kwamba hajawahi kuingia hoteli hata moja, ataijulia wapi harufu yake. Hata hivyo maji hakuchota.

Muzee akaona kucheka hakuishi. Sasa kila asubuhi anachota kikombe mbele ya watu wote, anakunywa polepole, anafuta midomo. Wiki ya kwanza walikuja watu watano, leo wamefika hamusini na zaidi. Vile vidonge vya kupima dawa, ulivyotuma pamoja na vibati, vinageuza maji rangi ya waridi, vizuri kabisa. Mimi ndiye ninayepima, hakuna mwingine anayegusa chupa.

Barua yako ya majaji iko ndani ya hii. Nimeandika kwamba elektrodi ni nzuri, na kwamba wewe ni mutoto wetu. La pili ndilo la hakika.

Tena kitu kimoja kidogo. Chini ya ndoo kunabaki vumbi jeusi, kama masizi. Ni kawaida?

Mimi shangazi yako,
Sikuzani


Lubumbashi, 19 Mei 2024

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Boti za Kalemie zilisimama kwa upepo, na mimi nilikuwa na shughuli. Namshukuru Mungu kwa afya yenu. Mwambie Mzee Mbaraka sikukimbia mpaka barabarani, niliishia mlangoni.

Tuzo nimepata! Majaji sita, na wote walinyanyua mikono. Barua yako ilisomwa mbele ya ukumbi, na profesa mmoja akasema ina ladha ya watu wa kweli. Nimevaa suti ya kuazima. Picha iko ndani ya bahasha. Ibandike mahali ambapo Naomie ataiona anapopita na mihogo yake.

Kuhusu vumbi jeusi, shangazi, nitasema wazi kwa sababu ninakuheshimu. Nawajua watu wa ziwani. Kila kitu kwenu ni sufuria, kila kitu lazima kisuguliwe kwa mchanga. Mnasugua vibati. Acheni. Ile ngozi ni nyembamba kuliko karatasi, na haikutengenezwa kwa ajili ya mikono ya wanawake wa kuosha vyombo. Kama hamkuisugua, vumbi lisingekuwepo. Saa mia tano mimi sikuona vumbi.

Wekeni kibati cha pili kama cha kwanza kimechoka. Na msiharibu.

Djibril


Minago, 30 Juni 2024

Djibril,

Picha nimeipata. Suti ni kubwa mabegani.

Kibati cha pili tumekiweka, na cha tatu. Hakuna aliyekisugua. Nimekifunga kimoja ndani ya kitambaa, Tarsisi atakufikishia mukononi. Kiangalie. Upande mumoja ngozi yako imebambuka yote, bati limebaki jeupe kama tilapia aliyeparuliwa magamba.

Nina swali moja, sitaki hotuba. Uliandika umevipima masaa mia tano. Tena uliandika, karatasi ileile, mistari saba juu yake, kwamba mwezi wa pili umeme ulikuwa masaa matatu au mane kwa siku. Mimi sikusoma sana, darasa la sita tu, lakini nauza mafuta na najua kuzidisha. Siku ishirini na tisa mara mane ni mia moja na kumi na sita. Hayo mengine uliyapata wapi? Uliyaazima pamoja na suti?

Jibu hilo tu.

Sikuzani


Lubumbashi, 28 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini hamjambo wote. Barua yako ilikuwa fupi, na haikuwa na salamu hata moja. Sikuzoea.

Kibati nimekiangalia. Ni wazi kwamba mmetumia chumvi chafu, ile ya kuhifadhia samaki, yenye mchanga na sijui nini. Elektrodi si punda, huwezi kuilisha chochote. Pia inawezekana Mzee aligeuza waya. Umri unakwenda, si kosa lake. Habari ya saa ni ya kitaalamu. Kuna namna ya kupima muda mfupi kwa umeme mkali kisha kukadiria muda mrefu. Watu wa fani wanaelewa. Sidhani kama barua ni mahali pa kueleza.

Chuo kimeniambia huenda wakatengeneza vibati mia mbili kwa ajili ya pwani yote, kuanzia Magara mpaka Kigwena. Kwa hiyo sasa si wakati wa maneno maneno.

Lakini shangazi, mbona hukuandika habari za Mzee Mbaraka? Barua nzima jina lake halimo kwenye salamu. Na mjukuu je? Nimempigia Tarsisi simu nikamuuliza, akasema mtandao ni mbaya, akakata. Mtandao haukuwa mbaya. Nilisikia hata jogoo nyuma yake.

Djibril


Minago, 5 Septemba 2024

Djibril, mutoto wa kaka yangu,

Simu sikupiga, na Tarsisi ni mimi niliyemukataza kusema. Simu mutaa muzima unasikiliza. Karatasi inasomwa na mutu mumoja, akiwa peke yake na aibu yake. Sasa kaa chini.

Muzee hakugeuza waya. Muzee amechaji bateri miaka arobaini. Chumvi ilikuwa safi, ya pakiti, niliinunua mwenyewe butiki ya Niyonzima. Na sisi wanawake wa kuosha vyombo hatukugusa kibati chako hata kwa kidole.

Katikati ya mwezi wa sita mapovu yalianza kupungua. Muzee akasema, bateri iko sawa, paneli iko sawa, ni kibati, na hiki ndicho cha mwisho. Aliniuliza: "Kidonge kinageuka?" Nikamwambia kinageuka. Nilimudanganya. Siku ile rangi ilikuwa hafifu, kama mutu ameonyesha maji ua kwa mbali. Kesho yake haikuwepo kabisa. Siku tisa, Djibril. Siku tisa nilikitia kidonge ndani ya maji, maji yakabaki maji, na mimi nikasema vidonge vimezeeka. Sababu unaitaka? Picha yako ilikuwa ukutani. Nilikuwa nimeisha kuwacheka watu wote wa Minago kwa ajili yako. Ningeanza wapi kusema kwamba Naomie alikuwa na haki?

Naomie alikuwa ameanza kuchota mwezi wa tano. Alimwona Muzee akinywa kila siku bila kuumwa, akaja na bidoni yake, akaiweka chini kwa kishindo, akasema: "Haya, Mama Sumaya, umeshinda. Kuni zimenichosha." Aliacha kuchemsha. Ni mimi niliyemwambia aache. Nilimwambia kuchemsha ni ushamba.

Siku ya saba kati ya zile tisa alisimama karibu yangu, akaniona natikisa chupa. Akauliza, polepole, bila kuchokoza:

"Mama Sumaya, leo haigeuki?"

"Bado mapema," nikamwambia. "Itageuka."

Akajaza bidoni, akaenda.

Watu kumi na mumoja waliingia kwenye hema la kolera, hicho kipindupindu chenu, kule Rumonge. Muzee Mbaraka alikuwa wa pili. Tulimupeleka juu ya pikipiki, mimi nyuma nimemushika kama gunia, maji yote ya mwili yameisha, macho yameingia ndani. Amepona, lakini amebaki mifupa, hawezi kushika koleo. Kitanda cha tatu kutoka kwake kilikuwa cha Naomie. Yeye hakupona. Aliaga dunia Alhamisi, kabla ya jua kuwa kali. Wamemuzika upande wa kanisa lao, na wanakwaya wenzake waliimba, na mimi nilisimama nje ya uzio kwa sababu sikujua kama nina ruhusa ya kuingia.

Ile mashine tumeizima. Unajua jambo gani linaniuma? Watu hawacheki tena. Wakinikuta njiani wananisalimia kwa heshima. Natamani mumoja tu aniite mushenzi.

Sasa wewe na profesa wako mwenye kupenda ladha ya watu wa kweli, mutengeneze vibati mia mbili? Kuanzia Magara mpaka Kigwena? Mimi nimeandika ya kwangu. Nimemweleza Muzee pia. Aligeukia ukuta siku mbili. Andika ya kwako, au usiandike tena kabisa.

Sikuzani


Lubumbashi, 14 Oktoba 2024

Shangazi,

Sijui nianze na salamu gani. Mwambie Mzee nimempigia magoti hapa nilipo. Maneno mengine ya kumwambia sina.

Nilivipima saa arobaini na moja. Umeme ukakatika, majaji walikuwa wanataka karatasi Jumatatu, nikaandika mia tano. Nilijiambia kwamba kitu kilichosimama arobaini kitasimama mia tano. Hakuna hesabu ya kitaalamu iliyofanywa. Nilikudanganya mara ya pili ili kufunika ya kwanza.

Na kuna baya kuliko hilo. Bati la titani, kabla ya kulivalisha ngozi, lazima lichemshwe kwenye asidi ili uso wake ukwaruzike na ngozi ipate pa kushika, kama ukuta wa udongo unavyokwaruzwa kabla ya kupakwa chokaa. Mashine ya kufyonza mvuke wa asidi ilikuwa imeharibika maabara. Ningesubiri wiki tatu. Sikusubiri. Nilisugua kwa msasa dakika tano, nikavalisha. Ngozi ilijengeka nzuri, nyeusi, ya kupendeza kwenye picha. Chini haikushika kitu. Uliponiandikia kuhusu vumbi jeusi mara ya kwanza, shangazi, nilijua. Nilijua siku ileile, nikiwa bado nimeshika barua yako. Nikaandika habari ya wanawake wa kuosha vyombo. Halafu nikawaambia muweke kibati cha pili.

Baada ya barua yako nilienda kwa profesa. Nilimweleza yote. Akauliza:

"Nani amekulazimisha kusema haya sasa?"

"Shangazi yangu."

"Yule muuza mawese?" Akatabasamu.

"Ndiye huyo. Alipiga hesabu ambayo ninyi sita hamkuipiga."

Tabasamu liliisha. Tuzo wamenivua, mradi wa vibati mia mbili umesimama, na mimi nimesimamishwa mwaka mmoja. Wenzangu wananiita Saa Arobaini. Wananiita kwa sauti kubwa, kantini nzima isikie. Nawaitikia.

Kabla ya kufukuzwa maabara niliomba wiki nne. Mhudumu wa maabara, Éphraïm, alinionea huruma, akatengeneza ile mashine ya kufyonza mvuke kwa mikono yake. Nilikwaruza bati kwa asidi kama inavyotakiwa, nikavalisha upya, tabaka juu ya tabaka, tanuri kila mara, nikaweka kwenye maji ya chumvi na bateri ya gari ili umeme usinidanganye wala mimi nisiudanganye. Kibati kilisimama saa mia mbili na kumi na mbili. Kisha kikaanza kutoa vumbi. Ni kizuri mara tano kuliko vile nilivyowaletea, na bado hakifai kupewa mtu. Sikutumii kitu. Nakutumia hesabu tu: mia mbili na kumi na mbili. Hii ni ya kweli.

Jina la Naomie nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti niliyomwachia profesa. Sijui kama wataliacha.

Nataka kuja. Sijui kama ni haki yangu kuomba. Familia yake ni nani aliyebaki?

Djibril


Minago, 23 Novemba 2024

Djibril,

Amahoro. Muzee Mbaraka ameanza kutembea mpaka barabarani na kurudi. Juzi alimutukana kijana wa pikipiki aliyeleta bateri yenye maji machafu, nikashukuru Mungu. Mjukuu ametoa meno mawili. Haya ndiyo ya nyumbani.

Naomie alikuwa na dada mumoja tu hapa, Bora. Wengine wamebaki ng'ambo, Fizi. Nilichukua barua yako, nikaenda kwake. Nilimukuta anamenya mihogo. Nikamwambia kwanza ya kwangu, siku zote tisa, na neno lile la "bado mapema". Hakunyanyua kichwa. Kisu kiliendelea. Kisha nikamupa karatasi yako, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, akarudia pale pa asidi.

"Huyu anaandika vizuri," akasema. "Hata ile ya kwanza, ya masaa mia tano, lazima aliandika vizuri."

Akanirudishia karatasi, akauliza:

"Mama Sumaya, ulikuja kuomba nini?"

"Sikuja kuomba."

"Basi kesho, watu wakija kuchota ziwani, uwaambie yote mbele yao. Siyo mimi peke yangu ndani ya nyumba."

Niliwaambia. Nilisimama ufukweni, wavuvi wanapakua visamaki vya ndagala, wanawake na bidoni zao. Sauti ilikuwa inanikimbia. Wengine waliondoka kabla sijamaliza. Mumoja, mwanamke niliyemufanyia vizuri miaka yote, alisema, "Na ulitucheka sisi." Hakuna tusi jingine lililonifikia kama hilo. Nilikuwa nimelitamani, sasa nimelipata, na ni chungu.

Asubuhi iliyofuata Bora alikuja karakana. Alisimama mbele ya mashine iliyokufa, akaiangalia muda murefu. Kolera haijaisha, Djibril; wiki hii wawili wengine wameingia hema. Kuni hazipatikani, musitu wa Kigwena hauguswi, ni hifadhi ya serikali, na watu wamerudi kunywa ziwa kama lilivyo. Bora akamuuliza Muzee kama kitu kile kinaweza kutengenezwa hapahapa, mbele ya macho ya watu. Muzee akasema kukwaruza na kuvalisha kunawezekana, tanuri tutaijenga, lakini inahitaji mutu anayejua. Bora akasema: "Basi aje yeye. Atengeneze hapa, na masaa tutahesabu sisi. Yeye asihesabu hata moja."

Ndiyo ruhusa yako. Siyo musamaha, usichanganye. Mimi mwenyewe sijakusamehe, na wala sijajisamehe, tuko wawili kwenye mukeka mumoja.

Tarsisi anasema boti itatoka Kalemie tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Usivae suti. Bora amesema atakuwepo ufukweni boti ikifika. Sijui atakusalimia au atakutemea mate. Sikumuuliza.

Wewe shuka tu.

Shangazi yako,
Sikuzani